Barakoa Kidevuni

Walimwita Redio, na aliyempa jina hilo hakumwonea. Asubuhi mafundi hawajamaliza hata kufunga kamba za buti, yeye keshawaka: "Barakoa! Miwani! Glavu! Na wewe, hiyo helmeti umeivaa au umejitwika?" Na kama ulidhani ikifika saa ya chai atachoka, basi hujawahi kufanya kazi chini ya Redio. Mtu yule aliongea mpaka mate yakamkauka, akanywa maji, akaendelea palepale alipoishia.

Alikuwa msimamizi wa kikosi cha kukarabati zege, kazi ambayo watu hawajui kama ipo mpaka siku kipande cha dari kiangukie gari lao. Zege likizeeka maji huingia, nondo zilizomo ndani hushika kutu na kuvimba, na zege lenyewe linaanza kupasuka. Fundi anakuja na nyundo, anagonga dari na nguzo huku ametega sikio. Palipo pazima panalia kwa mkato. Palipooza ndani panalia kama debe tupu. Hapo panabomolewa kwa mashine mpaka nondo zionekane, kutu inasuguliwa kwa grenda, kisha panazibwa upya. Na katikati ya kubomoa na kusugua ndipo anapotoka adui mwenyewe, vumbi. Si lile vumbi la barabarani la kujikung'uta ukaenda zako. Hili ni jiwe lililosagwa likawa laini kuliko unga, unalivuta bila hata kupiga chafya, na likishaingia kifuani ndiyo limehamia.

Redio alilijua hilo kwa sababu lilimla fundi aliyemfundisha kazi. Enzi hizo walijifunga vitambaa puani na kujiona wajanja. Mwisho wake yule bwana, pande la mtu aliyebeba mifuko ya saruji miwili miwili, akawa halali ila ameketi, na kumaliza kikombe cha uji kunamchukua asubuhi nzima. Redio ndiye aliyekuwa akimshikia hicho kikombe. Walipotoka kumzika akaapa kwamba akipata kikosi chake mwenyewe, hatazika mtu kwa sababu ya vumbi.

Na kweli alipopata kikosi alianzisha utaratibu wake, ambao mafundi waliuita ukaguzi wa sura. Jioni hakuna kunawa kabla hujapita mbele ya Redio. Fundi aliyevaa barakoa sawasawa siku nzima hutoka na nyuso mbili: paji la uso jeupe pepepe, lakini kuanzia puani kushuka chini yuko safi kama alivyotoka kwake. Ukipita mbele ya Redio na masharubu meupe, ole wako. Utasemwa wewe, atasemwa baba yako, na bomba la maji utaliona kwa macho tu mpaka wenzako wote wanawe.

Yeye mwenyewe alinawa kabla ya wote, kabla hata ukaguzi haujaanza. Msimamizi hapangi foleni bwana.

Sasa, binti yake wa pekee aliolewa na mwanamume mmoja mrefu, mpole, mwenye adabu mpaka inakera. Kiwanda cha magodoro alichokuwa akifanya kazi kilipofungwa, Redio akamchukua kwenye kikosi. Asubuhi ya kwanza binti akawasindikiza mpaka mlangoni, chakula cha mumewe mkononi, akamvuta baba yake pembeni.

"Baba, huyu nimekukabidhi. Naijua kazi yenu. Nataka anirudie mzima, na kifua chake kikiwa kifua."

"Nikishindwa hilo," Redio akasema, "usiniite baba tena."

Alisema kwa mbwembwe, kama alivyosema kila kitu, lakini hakuwa anatania. Njia nzima hakufungua tena mdomo, jambo ambalo lilimtia mkwe wake hofu.

Walikuwa wakikarabati jengo la zamani la kuegesha magari, ghorofa juu ya ghorofa, dari zake fupi kiasi kwamba mtu mrefu huinama bila kutaka. Humo ndani kompresa ya kusukuma hewa ikinguruma na mashine za kubomolea zikishika kasi, hata mawazo yako mwenyewe huyasikii. Na hapo ndipo Redio alipokutana na jaribu lake. Mkwe si mtu wa kufokewa. Mkwe unamsalimia, unamuuliza habari za nyumbani, unampisha kiti. Humwambii "we mpumbavu, pandisha barakoa" mbele ya wanaume wenzake. Na Mkwe, kwa sababu kikosi kizima kilishaanza kumwita hivyo, alikuwa na miwani yake ya macho ambayo kila akivaa barakoa ilifunga ukungu. Basi akawa anaivaa barakoa shingoni, mfano wa tai.

Redio akamwona. Akampita. Akaenda kusimama mbele ya Kijiko, fundi aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kijiko alichokichomeka daima kwenye utepe wa helmeti, asije akachelewa chakula kikifika. Kijiko wa watu alikuwa amejifunika kila mahali, hata masikio hayaonekani.

"Wewe!" Redio akapaaza sauti. "Unataka mkeo abaki mjane? Una mapafu ya akiba nyumbani? Kuna watu wamekukabidhi kwangu, unanifanya mimi nionekane mwongo?"

Kijiko akainua mikono. "Bosi, mbona mimi nimevaa!"

"Nyamaza! Naona umevaa! Nakufokea hivyohivyo!"

Nyuma yao Mkwe akaipandisha barakoa haraka haraka. Kwenye chai Kijiko akamsogelea. "Shemeji, nakuomba kwa hisani yako, vaa kile kidude. Miwani ni yako, matusi nayala mimi." Wote wakacheka, na Redio naye akacheka, akamtumia Kijiko hivyohivyo kila alipotaka kusema na mkwe wake. Baada ya muda haikuhitajika tena. Mkwe alijifunza kuibana barakoa juu ya pua mpaka ukungu ukakoma, akawa fundi hodari, na kila jioni akapita kwenye ukaguzi wa sura na mdomo msafi. Binti alipouliza, Redio alimjibu kwa kifua mbele: "Mumeo? Ukimpangusa paji la uso unampeleka harusini."

Na muda wote huo Redio anafoka, barakoa yake mwenyewe iko wapi? Kidevuni! Atakuwaje Redio na mdomo umezibwa na mpira? Ndani ya barakoa maneno yanakuwa mvumo tu, na kompresa inauzima huo mvumo hapo hapo. Kwa hiyo akitaka kusema, anaishusha kidevuni, anavuta pumzi ya kushiba, anapiga kelele, "Pandisha barakoa!", halafu anairudisha. Lakini kabla haijakaa vizuri anamwona mwingine, anaishusha tena. Na pale vumbi lilipokuwa zito zaidi ndipo alipokwenda kufoka zaidi, maana ndipo palipokuwa na hatari. Jua linazama, kila mtu kikosini kavuta hewa safi isipokuwa yule aliyekuwa akiwalazimisha.

Watu waliona. Mungu anisamehe, waliona wote. Lakini nani atamwambia Redio habari za barakoa?

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Mwanzo ilikuwa baridi ya asubuhi, halafu ikawa mafuta ya kupikia ambayo mkewe amebadilisha, halafu ikawa umri. Zamani alipanda mteremko wa magari mpaka ghorofa ya juu huku anasimulia; sasa akawa anasimama kwenye kila nguzo, anatoa nyundo, anagonga na kutega sikio kwa makini. Nguzo zile zilikuwa zimeshapimwa zote na kuwekewa alama ya chaki. Mafundi wakapita kando yake bila kusema neno, wakijifanya nao hawajui chaki ni nini.

Siku alipodondoka magoti karibu na kompresa, Mkwe ndiye aliyembeba mgongoni mpaka chini.

Hospitalini daktari alipachika picha ya kifua ukutani penye taa. Redio hakuwa msomi wa picha zile, lakini alichokiona kilitosha. Mapafu yalikuwa na mabaka meupe kila upande. Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na Mkwe mlangoni, kofia mkononi.

"Mzee, kazini mlikuwa hamvai barakoa?" daktari akauliza.

Redio nusura asimame. "Mimi? Daktari, uliza mji mzima! Mimi ndiye... ndiye mwenye barakoa! Hakuna mtu wangu... aliyewahi..." Kikohozi kikamkata. Alipoinua macho aliona hakuna aliyekuwa akimtazama. Daktari alikuwa anamtazama Mkwe, na Mkwe alikuwa anatazama sakafu.

"Baba," Mkwe akasema polepole, "ulikuwa unaishusha."

"Lini?"

"Ukiongea."

Redio akajaribu kukumbuka siku moja tu, saa moja tu, ambayo alikaa kazini bila kuongea, na hakuipata. Nyuma yake binti akamgeukia mumewe.

"Ulikuwa unaona?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na ukanyamaza? Baba yangu anakufa, wewe umenyamaza?"

"Ningemwambiaje?" Mkwe akaigeuzageuza kofia mikononi. "Mimi nimwambie baba yako vaa barakoa? Yeye aliyenivalisha? Nilikuwa nalala na neno, naamka nalo. Nikimfikia, namwamkia, basi."

Tuseme ukweli, siku ile Redio alimchukia mkwe wake. Alirudi nyumbani amejifungia moyo, akalala akitazama ukuta. Lakini mgonjwa ana muda mwingi wa kufikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyomwona Kijiko wa watu, mikono juu, anafokewa kwa kosa la mtu mwingine. Yeye Redio mwenyewe, na mdomo wake wote ule, aliwahi kumwambia Mkwe neno moja ana kwa ana? Hata moja. Walikuwa wamestahiana wote wawili mpaka mmoja amepatikana na mauti kifuani. Hasira ikamwisha, ikabaki huzuni tu.

Nyumba ikawa kimya. Mkewe, ambaye ujana wake wote alimwomba apunguze kelele, sasa akawa anakaa kando ya kitanda na kumwomba aseme chochote. Alisema neno, akapumzika. Akasema la pili, akapumzika. Alilala ameketi, mito mgongoni, kama fundi wake wa zamani. Uji akishikiwa kikombe.

Kazini walimpa Mkwe usimamizi. Binti alileta habari hiyo akidhani itamfurahisha mgonjwa. "Sasa yeye ndiye anayewafokea, baba. Kijiko anasema ukifumba macho utadhani ni wewe. Yule mume wangu mpole! Anarudi nyumbani sauti imemkauka."

Redio akatabasamu. Halafu tabasamu likamganda usoni, na hakujua ni kwa nini hasa.

Jibu lilimjia siku ambayo bomba la kazini halikutoa maji. Mkwe alipita kumjulia hali akitoka kazini moja kwa moja, hajanawa, akasimama mlangoni kwa adabu zake zote. "Shikamoo, baba." Redio akamtazama, na jicho lake la ukaguzi wa sura, ambalo halikuwa na ugonjwa wowote, likaona. Paji jeupe. Mashavu meupe. Na masharubu, masharubu ya yule aliyekabidhiwa kwake, meupe kama ya babu.

"Barakoa," Redio akasema.

"Navaa, baba. Ondoa shaka. Tunavaa wote, simwachii mtu."

Na alikuwa anasema kweli yake, hilo ndilo lililomuumiza Redio. Hakuwa anadanganya hata kidogo. Angeapa kama Redio mwenyewe alivyoapa, mbele ya daktari, mbele ya yeyote. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia ukiwa kitandani akakuelewa. Sharti umkamate mkono uko kwenye kidevu.

Mkewe alikataa kata kata. Binti akakataa, akalia. Daktari alikuwa amesema mahali penye vumbi asipasogelee hata kwa dawa. Redio akavaa viatu vyake peke yake, kimoja, akapumzika, cha pili, akapumzika, akakaa kwenye kiti cha mlangoni akawatazama. Mwishowe wakamwita Kijiko, aliyekuwa na zamu ya mchana siku hiyo, akaja na gari la kuomba. Walipoufikia mteremko wa lile jengo, Kijiko akachuchumaa mbele yake bila mzaha wowote.

"Panda, bosi. Leo nikubebe mimi. Kufokewa nimeshazoea."

Alimweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, penye upepo, mbali kidogo na kazi, akamwacha akaenda kumtafutia barakoa. Jukwaa la mabomba lilikuwa mbele yake. Vumbi lilijaa kutoka dari hadi sakafu, na ndani yake wanaume walionekana nusu nusu. Wote wamevaa. Redio aliwahesabu kwa macho, mmoja mmoja, wote wamevaa, akajisikia fahari kidogo.

Halafu akamwona Mkwe. Alikuwa chini ya boriti, palepale vumbi lilipokuwa zito zaidi, amempa mgongo. Fundi mmoja juu ya jukwaa alikuwa amelegeza barakoa apanguse jasho. Mkwe akainua mkono, akaishusha yake mpaka kidevuni, akavuta pumzi ya kushiba.

"Pandisha barakoa! Una mapafu ya akiba nyumbani?"

Maneno yaleyale! Hata namna ya kuinua kidole! Redio akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kelele alizozipiga maisha yake yote, leo alihitaji moja tu na hakuwa nayo. Akasimama, akashika bomba la jukwaa, akaona nyundo ya kupimia zege imetundikwa pale. Akaichukua akaanza kuligonga lile bomba kwa nguvu zote zilizobaki, akagonga, akagonga, mpaka bomba zima likalia na mafundi wakazima mashine mmoja baada ya mwingine wakidhani jukwaa linaanguka.

Mkwe akageuka. Akamwona. Akaja mbio, uso umejaa hofu, na barakoa ambayo alikuwa amesharudisha puani akaishusha tena, kwa sababu mkwe huwezi kumwamkia umejifunika uso.

"Shikamoo, baba!"

Redio hakuitikia. Mafundi wote walisikia hakuitikia. Alimtazama tu.

"Baba, nani kakuleta huku? Hili vumbi..." Mkwe akaanza kuivua kabisa barakoa yake, kamba ikiwa tayari juu ya kisogo, amvalishe mgonjwa. Redio akaangusha nyundo. Kwa mkono wake wa kulia, mkono ambao haukuwahi kumgusa mkwe wake isipokuwa kwa salamu, akaikamata ile barakoa, akaisukuma puani, akaigandamiza kwa kiganja. Mkwe akajaribu kusema, mkono wake ukapanda kuishusha. Redio akaupiga kofi. Ukapanda tena, bila yeye mwenyewe kuutuma. Redio akaupiga tena.

Hapo Mkwe akautazama mkono wake. Akaona ulipokuwa unaelekea, na macho yake nyuma ya miwani yakapanuka. Alisimama hivyo muda, kiganja cha mzee kikiwa usoni pake, mafundi wameduwaa. Halafu akapiga goti ili mzee asichoke kuinua mkono, na kutoka ndani ya mpira ukatoka mvumo ambao hakuna aliyeweza kuusikia vizuri, lakini wote walijua ni salamu.

"Marahaba," Redio akasema. Ndipo miguu ikamwishia.

Kijiko alikuwa amerudi na barakoa nyingine, akamvalisha huku analia waziwazi, wakamteremsha.

Jioni ile alikuwa kitandani, mdomo wa bluu, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Binti alikaa upande mmoja na Mkwe upande wa pili, bado hajanawa. Redio akamwita binti yake kwa kidole mpaka sikio likawa karibu na mdomo, akamwonyesha masharubu ya mumewe.

"Usimnyamazie," alisema.

Akavuta pumzi. Binti akaendelea kuinama akisubiri sentensi iendelee, kwa sababu tangu utoto wake hajawahi kuisikia sentensi ya baba yake ikiishia njiani. "Ndiyo, baba," akasema, "ndiyo, baba, nakusikiliza." Alisubiri sana. Mwisho Mkwe ndiye aliyeinuka, akamzunguka, akamshika mabega, akamwambia ameshamaliza.

Binti akalia mpaka akaishiwa. Kisha akachukua kitambaa kilicholowekwa kwa ajili ya midomo ya mgonjwa, akamkalisha mumewe kwenye kiti, akaanza kumpangusa masharubu, bila upole, huku anamwambia habari za barakoa.